Kiatu cha Mtani

Mpira sikuujua, tusidanganyane. Pasi zangu zilikwenda kwa adui, na nikipiga shuti, watu waliokaa nyuma ya goli walikuwa hata hawasogei. Lakini kwenye timu yetu ya mtaa hapa Songea nilicheza miaka kumi na miwili, jezi namba tano, na benchi nililiona kwa mbali. Kazi yangu ilikuwa moja: ukimgusa fundi, nakugusa.

Fundi ndiye winga wetu, anatengeneza simu pale stendi. Mwembamba, ila mpira ukifika mguuni kwake unatulia wenyewe. Mabeki walimchukia. Wakimpiga kiatu, nasubiri mpira wa juu, halafu kiwiko. Namtumbo walinijua, Nakapanya walinijua, na mimi nilijisikia kweli, nisiseme uongo!

Basi msimu uliopita nikampiga mtu ngumi, nikala kadi nyekundu, nikafungiwa. Mechi iliyofuata tu, wakamvunja fundi kifundo cha mguu. Nilikwenda kumwamkia mama yake. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akasema, "Ngumi zako ndizo zimemvunja mwanangu. Ungekuwepo wasingethubutu." Nikamwapia kwamba fundi akirudi uwanjani nitakuwepo mpaka filimbi ya mwisho, na atarudi nyumbani kwa miguu yake. Kocha naye akaongeza lake: kadi nyekundu nyingine, nirudishe jezi.

Siku fundi anarudi, tulicheza na timu ya Namtumbo. Walikuwa na beki mpya, mwalimu aliyehamia kutoka Iringa. Dakika ya tano tu akamlaza fundi chini. Damu ikanipanda, nikamfuata mbio. Yeye akafungua mikono, anacheka.

"Aa, Mngoni! Mtani wangu! Babu zako walitukimbia mpaka wakasahau ngao, leo wewe unanikimbilia?"

Lahaula, Mhehe! Nikaishiwa nguvu. Sisi na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Mtani atakutukana wewe na ukoo wako hata msibani, na huruhusiwi kununa. Kumpiga ndiyo kabisa, bibi yangu angesikia angenikana. Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, meno tu, moyoni nawaka.

Jamaa akajua amenipata. Akamlaza fundi tena. Mara ya tatu fundi akashika kifundo kilekile, na pembeni nikamwona mama yake amesimama, mikono kichwani. Niliogopa. Miaka yote ile uwanjani sikuwahi kuogopa.

Halafu akili ikanijia. Mtani hatukani tu, mtani pia anachukua. Anabeba kitu chako mchana kweupe, ukikitaka unakikomboa. Mwalimu alikuwa bado amekaa chini baada ya rafu yake. Nikainama, nikamvua kiatu cha kulia, nikakirusha kwa mashabiki wetu.

"Mtani, kuku mmoja!"

Refa akaja mbio, mkono mfukoni. Nikasema moyoni jezi yangu ndiyo inakwenda hivyo. Mwalimu mwenyewe akamzuia, anacheka mpaka machozi. "Mwache, ndugu mwamuzi. Haki yake. Kwetu angenivua hata bukta."

Sasa kuku angempata wapi pale? Akacheza na soksi mguu mmoja, na mwenye soksi hathubutu kuingia kwa nguvu. Fundi akamzungusha alivyotaka. Tulishinda mbili bila, na kelele za mashabiki wetu sitazisahau.

Mama yake fundi akaingia uwanjani, akapapasa vifundo vya mwanawe, kimoja, kingine. Kisha akanigeukia. Akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akavitazama vidole. Havikuwa na mchubuko hata mmoja.

"Kumbe siku zote ungeweza," akasema.

Nilikuwa na furaha, haki ya Mungu. Lakini nikawakumbuka wote niliowapasua midomo, mmoja mmoja, nikashindwa kumtazama usoni.