Niliaga naenda China, kumbe nimejificha Mchikichini nauguza mapaja

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Hii siyo chai, hadithi ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Mimi ni Mchaga, nauza mapazia Kariakoo. Nilikuwa bonge, nikapungua sana. Ngozi ya mapaja ikabaki inaning'inia, na kwa joto la Dar ikawa inasuguana mpaka vidonda. Nikaamua kufanya oparesheni ya kuiondoa.

Naishi na kaka yangu. Huyo akijua jambo asubuhi, mchana ukoo mzima unalo. Nikaaga naenda China kufuata mzigo. Nani Kariakoo atashangaa safari ya China?

Nilipotoka hospitali nikajificha chumbani kwa rafiki yangu Zuhura, Mchikichini, jirani na soko la mitumba.

Daktari alinikataza kuchuchumaa, maana mshono uko juu kabisa ya paja. Choo cha kina Zuhura ni cha kuchuchumaa. Nikaona aibu kumwambia daktari nimefikia wapi. (Mnaocheka, subirini kwanza.)

Siku ya sita mshono ukaachia. Usaha, homa, natetemeka.

Nikiwa katika hali hiyo mama akapiga simu kutoka Moshi. Dirishani muuza nguo anapaza sauti, "Chagua, chagua, mama njoo uchague!"

"Huko China wananadi kwa Kiswahili?"

"Ni Wabongo wenzangu, mama."

"Haya mwanangu. Ukimaliza mzigo uje unione, moyo unanisumbua."

Nikamwambia wiki ijayo.

Alifariki baada ya siku mbili. Mimi nimelazwa tena, kidonda kiko wazi, hata kukaa siwezi, sembuse basi la Moshi. Kaka zangu wakamzika. Wanasema nilichagua mzigo.

Mapaja yamepona, yamebaki makovu. Kaburini nilienda peke yangu, nikarudi bila kupita nyumbani. Naumia sana wakuu.

Nilichojifunza: ukienda kukatwa mwili wako, mtu mmoja wa kwenu ajue uko wapi. Na daktari mweleze unakolala, mpaka choo.

Nahisi mama alijua sipo China. Alinipa nafasi ya kusema, nikamdanganya tena.

Mwezi ujao ni ibada ya kumkumbuka, ndugu wote watakuwepo. Nataka niwaambie ukweli. Nitukaneni mkitaka, ila kama umewahi kusimama mbele ya ndugu zako na jambo kama hili, niambie ulianzaje.