Mama wa Jumamosi

Lusiana alijifunza kuendesha pikipiki baada ya kupangiwa kazi ya unesi Kilimarondo. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, akifundishwa na mganga wa zahanati aliyekuwa amechoka kuzunguka vijijini peke yake. Alianguka mara nyingi, mpaka wanafunzi wakawa wanatoka madarasani kuja kumtazama. Lakini kabla mvua za kifuku hazijaanza, alikuwa tayari anafunga kasha la chanjo nyuma kwa kamba za mpira na kwenda kwenye kliniki za mkoba, kule kwenye vitongoji ambako gari halifiki.

Huko kina mama walimsubiri kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Aliwaning'iniza watoto kwenye mizani, akawachoma sindano, akawatania mama zao ili wasiogope kilio. Wale wakubwa walimkimbia. Wale wachanga walimshika kidole wakakataa kukiachia, na hapo Lusiana alikuwa akichelewa. Bi Zaina, mama wa makamo wa pale Kilimarondo aliyekuwa akifuatana naye kumsaidia kujaza kadi, aliliona hilo na hakusema kitu.

Maana Lusiana alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Koleta, aliyemwacha Ruangwa kwa mama yake, Bibi Brigita. Baba wa mtoto alikwenda Tunduru kutafuta vito, na habari zake zikapungua mpaka zikakoma. Barua ya ajira ilipokuja, Koleta alikuwa ndio kwanza anatembea. Bibi Brigita alisema, "Nenda, mwanangu. Huko hujui utalala wapi. Mtoto atakaa na mimi mpaka utakapotulia." Lusiana akaenda. Alitulia, akapata nyumba ya vyumba viwili karibu na zahanati, akaomba uhamisho arudi karibu na mwanawe, akaambiwa asubiri, na katika kusubiri huko Koleta akafika umri wa chekechea.

Kila alipopata Jumamosi, alikuwa barabarani kabla jua halijachomoza. Alipita mashamba ya ufuta na mbaazi, akapita Marambo watu wakiwa wanafungua maduka, akafika Nachingwea mjini kuweka mafuta na kununua mkate, halafu akaishika barabara ya Ruangwa. Asubuhi moja alikuta tembo wamesimama njiani, wakitoka kula mahindi ya watu. Alizima pikipiki mbali akangoja. Aliwaogopa sana, lakini kilichomuuma zaidi ni lile jua lililokuwa likipanda na kuila Jumamosi yake.

Alipofika Ruangwa, nguo zilikuwa zimebadilika rangi kwa vumbi. Watoto wa jirani walimpokea kwa kelele, "Anti Pikipiki, Anti Pikipiki," na Koleta naye alikuwa katikati yao akiita vivyo hivyo.

"Huyu ni mama yako," Bibi Brigita alimwambia mara nyingi.

Koleta aliitikia kwa kichwa, akaupokea mkate, kisha akaenda kusimama nyuma ya bibi yake. Aliyemwita mama ni bibi. Lusiana alimwogesha, akamsuka, akalala naye kitanda kimoja, na Jumapili baada ya misa akavaa tena kofia yake ngumu. Koleta alimpungia mkono bila kulia. Lusiana alijiambia afadhali hivyo kuliko mtoto anayelia. Njia yote mpaka Nachingwea alikuwa akijiambia maneno hayo.

Mwaka jana kifuku kilikuja kwa nguvu. Mvua zilinyesha mfululizo, na kwa majuma kadhaa hakuweza kutoka Kilimarondo. Hatimaye ikapatikana Jumamosi moja kavu, akaondoka na gauni jipya la Koleta ndani ya mfuko wa nailoni. Alipokaribia Marambo alikuta mto umepanda juu ya daraja. Lori lilikuwa limesimama upande huu, na waendesha bodaboda walikuwa wamekaa kwenye magogo wakiyatazama maji.

"Dada nesi, usijaribu," mmoja akamwambia. "Asubuhi hii yameshachukua baiskeli ya mtu."

Alikaa nao mpaka mchana. Alichomeka kijiti ukingoni kuona kama maji yanapungua, na kijiti kikazama. Wingu jeusi lilipotanda upya, akampigia simu mama yake.

"Mama, leo siwezi kuvuka. Mwambie Koleta nitakuja wiki ijayo."

"Anacheza huko nje," Bibi Brigita akajibu. "Usijisumbue, hajauliza."

Lusiana akageuza pikipiki. Matope yalimwangusha mara mbili njiani. Alifika nyumbani akiwa amelowa, akalitandaza lile gauni juu ya kiti likauke.

Kesho yake mama yake alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Usiogope, yuko hapa, anakunywa uji," alianza. "Ila jana alipotea."

"Alipotea vipi, mama?"

"Ilipita pikipiki nyekundu kama yako, ina kasha nyuma. Akaifuata. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga kisamvu. Tumemtafuta mtaa mzima. Kumbe amefika stendi. Yule Huzaifa wa bodaboda ndiye aliyemwona. Anasema alikuwa anapita kwenye pikipiki zilizoegeshwa, anagusa moja moja. Akamuuliza, we mtoto, unatafuta nini? Akamwambia anatafuta ya mama."

"Ya mama?"

"Ndivyo alivyosema Huzaifa. Mbele yangu mimi hajawahi kukuita hivyo. Lakini nikueleze kitu ambacho sikukueleza. Kila Jumamosi asubuhi hakubali kula mpaka mchana upite. Nilikuwa naona ni deko tu."

Lusiana alikaa kitandani na simu mkononi muda mrefu baada ya mama yake kukata. Jumatatu alimweleza Bi Zaina habari yote. Bi Zaina alimsikiliza akiwa anachambua mchicha, hata hakuinua uso.

"Mlete," akasema. "Siku za mkoba atashinda kwangu. Wajukuu zangu wanne wanashinda hapa, wa tano hatanizidi."

"Na siku ambazo na wewe unakwenda mkoba, Bi Zaina?"

"Nitabaki. Kadi utajaza mwenyewe. Umeninyamazia habari za mtoto siku zote hizo, nami nikakunyamazia. Basi, mlete."

Maji yalipopungua, Lusiana alikwenda Ruangwa. Bibi Brigita hakukubali mara moja. Aliuliza nani atampeleka mtoto hospitali akipata homa, Lusiana akamkumbusha kwamba anaishi jirani na zahanati. Aliuliza kuhusu tembo, kuhusu shule, kuhusu watu wa kule wanaongea lugha gani. Lusiana alijibu yote kwa upole, mpaka mama yake akakosa swali. Usiku ule Bibi Brigita alikaanga korosho, akazifunga kwenye mfuko, akazikunja nguo za Koleta moja moja. Asubuhi alimbeba mtoto, akampakiza nyuma ya mama yake, akamfunga mgongoni kwa khanga yake mwenyewe kama mtoto mchanga. Koleta alikuwa mkubwa kwa kubebwa namna ile, lakini hakulalamika.

"Nenda taratibu," Bibi Brigita akasema, kisha akaingia ndani bila kungoja injini iwake.

Lusiana alikwenda taratibu kuliko alivyowahi kwenda. Alipopunguza gia kwenye mashimo, alisikia paji la uso la mtoto likimgonga mgongoni. Walipopumzika Nachingwea, Koleta aliomba maji, na alipokwisha kunywa akauliza, "Mama, bado mbali?" Lusiana alijifanya anakaza mipira ya mzigo, mpaka macho yake yakawa sawa. Kisha akamjibu kwamba bado kidogo.

Sasa Koleta anasoma chekechea Kilimarondo. Siku za mkoba anashinda kwa Bi Zaina, na amekwisha kujifunza kutoka kwa wajukuu zake maneno ya Kiyao ambayo mama yake hayaelewi. Jumamosi hawaondoki tena kila mara, maana njia ile si ya kumpitisha mtoto mara kwa mara, na simu ya Bibi Brigita huita jioni, hazungumzi mengi, anauliza tu kama mtoto amekula.

Lusiana amepata alichokitamani miaka yote ile. Hata hivyo kuna jioni, wakiwa wamekaa na sahani ya ugali kati yao, Koleta huacha kula na kutazama mlangoni.

"Mama," anauliza, "bibi anakula na nani?"

Lusiana humega tonge, akalichovya, akampa.