Mkia wa Vashti

Katika mtaa wa Katamoni, Yerusalemu, hakuna msichana aliyewahi kutaka kuwa Vashti. Purimu ikikaribia, sikukuu ambayo Wayahudi huigiza kisa cha malkia Esta, wasichana wa shule hugombania taji la Esta mpaka wakanuniana, na anayelikosa ndiye anayevalishwa mkia. Mkia wenyewe alikuwa akiushona Hatun, mjane wa Nahumu: kitambaa cha kahawia, pamba ndani, kishungi cha nyuzi nyekundu nchani. Alijivunia mkia ule kuliko mataji yote.

Kisa alikuwa akiwahadithia wasichana huku anawapima viuno, amebana pini mdomoni. Mfalme Ahasuero alilewa na wageni wake, akaagiza malkia Vashti aletwe mbele yao wauone uzuri wake. Malkia akakataa. Alikataa kwa nini? Hatun alikuwa na jibu alilorithi kwa bibi zake waliotoka milima ya Kurdistani: malaika alimwotesha mkia, akaona haya kutoka. Basi akafukuzwa, akatafutwa Esta, binti mtii, naye akaliokoa taifa zima. Wasichana walicheka, na Hatun alicheka kuwashinda, maana hakuna aliyeupenda utani wa Hatun kama Hatun mwenyewe.

Utani huohuo ndio uliomponza. Binti yake Zehava aliolewa na Shabtai, dereva wa lori, mwenye sauti tamu sinagogini na mkono mwepesi nyumbani. Mwaka juzi Zehava alikuja kwa mama yake na mfuko wa nguo, amemshika mtoto mkono, shavu limevimba. Hatun aliliona lile shavu. Hilo ndilo linalomtafuna hadi leo, kwamba aliliona. Lakini Geula, jirani yake, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kuazima sukari, na kesho mtaa mzima ungejua. Hatun akaogopa maneno ya watu, akakimbilia utani.

"Rudi kwako, mwanangu," alisema. "Esta alimwendea mfalme ambaye angeweza kumuua. Wewe usijioteshe mkia."

Geula alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Zehava alinyanyua mfuko wake, akarudi kwa mumewe.

Mwaka huu amekuja tena, Purimu ikiwa karibu, na safari hii hakueleza kitu wala hakuomba ruhusa. Alitandika godoro chumba cha nyuma, akaanza kuosha vyombo. Watu wakamwandama Hatun. Dada zake Shabtai walikuja, mzee wa sinagogi akaja, wote na wimbo mmoja: amrudishe binti, sikukuu isiikute ndoa imevunjika. Shabtai naye akatuma salamu kwamba siku ya karamu atakuja kumchukua mkewe, na kwamba anamtegemea mama mkwe wake, mwanamke mwenye akili. Hatun aliwapa chai tu, akawasindikiza.

Siku hizohizo mjukuu wake, Tirza, mtoto wa Zehava, akarudi shuleni na habari kwamba mwaka huu yeye ndiye Vashti. Hatun akamwonea huruma, akamuuliza ni nani aliyempokonya taji.

"Hakuna. Nimeomba mwenyewe," mtoto akasema. "Na mkia sitaki, bibi. Mkia haumo kwenye kitabu cha Esta. Imeandikwa alikataa tu."

Hatun akabisha kwamba umo, tena yeye amekisikia kitabu hicho kikisomwa kila mwaka tangu hajaota meno.

"Usibishane na bibi yako," Zehava alisema, anakata vitunguu, hakugeuka. "Yeye ndiye fundi wa mikia."

Uso wa Hatun uliwaka moto. Jioni ya kusomwa kitabu alipanda ghorofa ya wanawake sinagogini, akaketi karibu na pazia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasikiliza kweli. Malkia aliitwa. Malkia akakataa kuja. Msomaji akaendelea na hasira ya mfalme. Hatun alingoja ule mkia, usomaji ukampita. Wanawake walipogonga sakafu kwa miguu jina la Hamani, adui aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, lilipotajwa, yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anaona aibu hata kumtazama aliyeketi kando yake.

Siku ya karamu madonge ya kube, unga uliojazwa nyama, yalikuwa yameshapakuliwa kwenye mchuzi wake mchachu, na Geula amekuja na sahani yake ya vitu vitamu, gari liliposimama uani. Shabtai alishuka na rafiki zake, wamelewa kama siku ile inavyoruhusu na zaidi kidogo, mmoja anapiga dufu.

"Zehava, vaa lile gauni la buluu utoke," aliita. "Toka hawa jamaa wakuone. Nimewaambia unarudi leo."

Zehava aliendelea kupakua. "Siendi," alisema, kwa sauti ya kawaida tu.

"Mama, sema naye," Shabtai akamwambia Hatun. "Wewe anakusikia."

Hatun alisimama kizingitini. Majirani walikuwa madirishani, na Geula alikuwa nyuma yake, anasubiri kichekesho.

"Shabtai, mwanangu, amesema haji," alisema.

"Lakini mama, wewe mwenyewe mwaka juzi ulisema..."

"Nilisema. Nilisema upuuzi. Nenda kalale."

Akafunga mlango. Alirudi mezani na furaha kidogo, anatazamia mkono begani au walau neno la asante. Zehava alimwekea bakuli mbele, akaketi.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," alisema. "Mwaka juzi yalikuwa wapi, mama?"

Geula aliinamia sahani yake. Tirza, na taji lake la karatasi la Vashti kichwani, alimtazama bibi yake, anangoja jibu. Hatun alitafuta hata utani wa kujisitiri, akaukosa. Akashika kijiko, na mchuzi ukapoa mbele yake.