Bibi Aliyebadilishwa kwa Mtama

Mwaka wa lile Kombe la Dunia lililochezwa Asia nilikuwa mwalimu wa historia Katesh, na wanafunzi wangu walikuwa watoro kupindukia. Mechi zilionyeshwa asubuhi, saa za vipindi. Biashara ilikuwa imeachiwa huria na kila mwenye ujanja alijaribu bahati yake, basi jamaa mmoja akafunga dishi, akawasha jenereta, na kidato cha tatu kizima kikahamia kwake. Nilikwenda kuwatoa mwenyewe, na fimbo mkononi. Nikaishia kukaa nao kwenye benchi mpaka Brazil wakashinda.

Kesho yake kijana mmoja akauliza darasani, "Mwalimu, Brazil ni Wazungu au ni watu weusi? Mbona kila mchezaji ana rangi yake?"

Swali lilinifurahisha. Nikaacha mada ya siku, na nikaacha na Kiingereza tulichotakiwa kufundishia, maana mambo mengine huwezi kuyasema vizuri kwa lugha ya kukariri. Nikawaambia kwamba Wareno, hawa hawa waliokuja na mizinga Kilwa, walifika kule wakakuta wenyeji na kuwanyang'anya ardhi. Maradhi na kazi za shuruti zikawamaliza wengi. Wareno wakataka mikono ya kukata miwa na kuchimba dhahabu, ndipo wakaja kuwachukua watu Afrika: Angola, Kongo, pwani ya magharibi, na hata Msumbiji, majirani zetu hapa. Waliwasomba kwa karne tatu na zaidi. Brazil ikawa nchi ya mwisho kule Amerika kufuta utumwa.

Nikawaambia na lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, kwamba machotara wengi wa mwanzo hawakuzaliwa kwa mapenzi. Mwenye shamba alimwingilia mtumwa wake kwa nguvu, na mtoto akizaliwa anakuwa mtumwa wa baba yake mwenyewe. Utumwa ulipofutwa, wakubwa wakatazama wakaona nchi imejaa weusi, wakaingiwa na hofu. Wakawalipia nauli Wazungu kutoka Italia na kwingineko, wakitumaini kwamba watu wakioana, ule weusi utafifia kizazi hadi kizazi. Baadaye Wajapani nao wakaja kuchuma kahawa.

"Haya, weusi ulififia?" nikauliza.

"Si tuliwaona jana, mwalimu," wakajibu, darasa likacheka.

Binti mmoja wa mbele hakucheka. Akasema taratibu, "Basi ni watu wasio na kwao."

Hakuwa na ubaya wowote, mtoto wa watu. Lakini nilipandwa na hasira mpaka chaki ikanivunjikia mkononi. Nikamwambia kwao ni pale walipozaa na kuzika wafu wao. Wengine walitoroka mashambani wakajenga vijiji vyao msituni na kupigana na majeshi yaliyotumwa kuwarudisha. Nani ana ubavu wa kuwaambia hawana kwao? Sisi wenyewe tumelala mkoa wa Arusha tukaamka mkoa wa Manyara, nikasema, serikali imechora mstari tu, na hakuna aliyetuambia hatuna kwetu.

Hasira ile haikuwa ya Brazil peke yake. Jumamosi ya wiki ile wazee wa mchumba wangu walikuwa wanakuja nyumbani Mogitu kuniposa.

Kwetu Wairaqw posa huanza na koo. Utataja wa baba, wa mama, wa bibi, na hakuna ndoa mpaka wazee wajiridhishe kwamba damu hazijakutana. Na bibi yangu, mama yake baba, hakuwa na ukoo wa kutaja. Aliletwa akiwa mtoto mdogo, wakati wa njaa iliyofuata vita vya Wajerumani na Waingereza. Majeshi yalikuwa yamezoa nafaka, ng'ombe na wanaume, na huko kusini watu walikufa kama nzi. Bibi alibadilishwa kwa mtama. Nyumba iliyompokea ikamlea, ikampa jina la ukoo wake, akakua, akaolewa na babu. Hakuna aliyemwita mtumwa mbele yake. Nyuma yake walimwita.

"Nitataja ukoo uliomlea, yaishe," baba aliniambia Ijumaa. "Wewe nyamaza tu. Unampenda huyu kijana au humpendi?"

Nilimpenda. Nilimpenda sana, sitadanganya.

Wazee wakaja kutoka Dirma. Shikamoo, marahaba, wakaketi, wakaulizia mifugo na mvua. Kisha baba mkubwa wa mchumba wangu akasema, "Tumesikia huyu mama yako mliletewa. Ni wa nani hasa?"

Baba akaanza kutaja ukoo ule. Bibi alikuwa ameketi hapo hapo karibu na mlango, akimtazama mwanawe anavyomfuta. Nikashindwa. Msichana anayeposwa hasemi mbele ya wazee waliokuja kumposa. Mimi nikasema.

"Niwieni radhi, wazee wangu. Bibi yangu alibadilishwa kwa mtama. Hajui kwao ni wapi. Anakumbuka tu kwamba mama yake alikuwa na masikio yaliyotobolewa makubwa. Kama kuna aibu, ni ya walioleta ile njaa, siyo yake."

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini mdomo wangu ukishafunguka, kuufunga ni kazi. Nikawapa na Brazil yote: meli, miwa, watoto wa watumwa ambao leo ni taifa zima.

"Hao wa mpira wanatuhusu nini?" mzee akauliza, na aliuliza kwa dhati kabisa.

Waliondoka bila kuonja pombe tuliyowaandalia, na kwetu hilo ni jibu tosha. Baba alikwenda zizini akakaa huko na ng'ombe wake hadi giza.

Jumapili iliyofuata mchumba wangu akaja peke yake kwa baiskeli, jasho likimtiririka, anatabasamu. Alikuwa amewalainisha wazee. Wamekubali! Kulikuwa na jambo moja tu dogo. Kwetu binti anapotoka nyumbani siku ya harusi, bibi yake humpaka siagi, ndiyo baraka yake ya kuondokea. Wazee walitaka shangazi ndiye anipake, na bibi apelekwe nyumba ya jirani mpaka msafara uondoke.

"Ni muda mfupi tu," akasema. "Baada ya hapo ni mimi na wewe."

Nikawakumbuka wale wakubwa waliolipa nauli za Wazungu. Hawakumfukuza mtu kwa mabomu. Walitaka tu weusi usionekane, kidogo kidogo, kwa upole, kwa njia ya harusi.

"Bila huyo bibi nisingekuwepo hata uje kuniposa," nikamwambia. "Ukitaka kumficha yeye, nifiche na mimi."

"Usiwe mkali hivyo. Utavunja ndoa kwa mambo ya zamani?"

"Zamani gani, na mwenyewe yupo jikoni anatusikia?"

Alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwishowe nikaishika baiskeli yake nikamsukumia mpaka barabarani, nikamkabidhi. Nilitamani ageuke aseme basi, bibi atakupaka. Akapanda, akashuka na mteremko, wala hakugeuka.

Niliporudi bibi alikuwa anachambua maharage.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, bibi."

"Unalia?"

"Nalia."

Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi nikae.

"Lia," akasema. "Lakini usimfuate."