Sauti ya Mjomba Kwenye Hitima

Marehemu baba alizikwa kijijini kwetu Ole, na mjomba hakuja. Ilikuwa miaka ile ya siasa, watu wanasusiana hadi mazikoni. Baba na mjomba, kaka yake mama, walikuwa kila mmoja na chama chake, na mjomba alikuwa hajakanyaga kwetu mwaka mzima. Mimi nilikuwa mwari wa miaka kumi na tano, mwepesi wa hasira. Asiyemzika shemeji yake, nilisema moyoni, asije tena.

Mama hakusema hivyo. Alikaa eda chumbani, macho makavu, na kila aliyebisha hodi alimsikiliza mpaka amjue ni nani. Ndugu wa tumbo moja alikuwa naye mjomba tu.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, wanaume walisoma hitima barazani. Kila mmoja alishika juzuu yake ya Kurani na wote walisoma kwa wakati mmoja, kwa hiyo kule ndani maneno hayakupambanuka, zilitufikia sauti tu. Ya mwadhini ilikuwa nyembamba, inatokea puani kama zumari. Ya mwalimu aliyetusomesha Kurani chuoni nzito, ya kifuani. Kisha, chini ya zote, ikaingia moja yenye mkwaruzo, kama mbuzi ya kukunia nazi inapoburutwa sakafuni.

Mama akainua uso. Akaniambia nikachungulie.

Nilichungulia kwenye upenyo wa dirisha. Mjomba alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na viatu vya watu, juzuu kaisogeza machoni. Nikarudi nikasema, "Si yeye."

Mpaka leo naona haya. Nilimdanganya mamangu mzazi, mjane wa siku tatu.

Hakunikaripia. Alisikiliza tena, kisha akasema, "Sauti ile nnaijua tangu weye hujazaliwa. Kamwite."

Nikaenda. Mjomba aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mama aliyenituma au ni shauri langu mwenyewe. Safari hii nilisema kweli. Akafunga juzuu, akanifuata ndani. Alipofika mlangoni alitaka kutoa pole, sauti isitoke hata kidogo.

Mama alikuwa analia sasa, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ingia ukae," alimwambia. "Nshakusikia."