Vifungo vya Koko

Nikifungua sanduku langu, harufu ya naftalini hunipiga puani, na papo hapo nasikia fimbo. Wajukuu wangu hawasikii kitu. Wao hucheka tu: bibi mzima, vitenge viwili, kilemba, blauzi ya mikono mirefu, eti kisa kwenda kanisani hapo chini! Nacheka nao. Nyinyi ndio nitakaowasimulia, maana wao hawana subira.

Kwetu, upande wa Kashebere, mama yake baba tulimwita Koko. Ujanani, walisema, alijifunga kipande kimoja cha nguo na kulima nacho mpaka kikachanika. Lakini kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kuvaa. Alibeba maharage hadi soko la Sake, akarudi na vitenge vya buluu na blauzi nyeupe ya mikono mifupi, yenye vifungo mgongoni. Majirani walimuuliza kama anatafuta mchumba.

"Niko mukubwa," aliwajibu, "navala kama mukubwa."

Mwaka mmoja, enzi za ukoloni, mama alijifungua kwa shida sana, na baba akakosa siku mbili kwenye kazi ya lazima ya barabara. Asubuhi msimamizi, kapita, akaja kumchukua. Walimlaza kifudifudi kwenye changarawe, wanaume wawili wakamkalia, na kapita akaanza kumchapa kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Mgongo wa baba ulipasuka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Hakulia. Alikuwa akikoroma tu, na hilo ndilo lililonitisha.

Mama mdogo, dada yake mama, alitoka shambani mbio, matope hadi magotini, akapiga magoti kuomba. Kapita alimpiga teke la kifua. Nguo yake kuukuu ikachanika na kumdondoka, akatambaa uchi, nao wakacheka. Fimbo ikaendelea.

Nikakimbilia nyumbani. "Koko, fanya mbio! Banaua papa!"

Mnajua alifanya nini? Alinawa miguu. Akatoa nguo sandukuni, zikinuka naftalini, akafunga kitenge cha kwanza, akafunga cha pili, akapiga kilemba, akavaa blauzi, akanigeuzia mgongo.

"Funga."

Vifungo sita, na kila pigo tunalisikia kutoka barabarani. Nilimchukia. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Hakunipiga.

"Funga ya mwisho," akasema.

Alitembea polepole kama siku ya Pasaka, na watu wakampisha. Mbele ya kapita akavua kilemba, akakiweka chini. Akafungua kitenge cha juu.

"Mama, rudia kwako," kapita akasema.

"Unapasula mutoto yangu ngozi," Koko akamjibu. "Basi na miye utaniona yote."

Kwetu kila mtu alijua: mama mzee akikuvulia nguo kwa hasira, amekulaani wewe na watoto wako. Wale waliomkalia baba walikuwa wa kwanza kukimbia. Koko akanigeuzia mgongo tena, safari hii nifungue. Kifungo cha tatu kilipoachia, fimbo ilianguka kwenye changarawe, na kapita akashuka bondeni huku amefunika uso.

Baba alipona, ila mgongo haukunyooka tena. Mimi nikabaki na kinyongo kwa sababu ya yale mapigo yaliyomwangukia wakati Koko anajipamba. Na aliendelea kujipamba! Tangu siku ile hakuvaa tena mikono mifupi, hata jua likiwaka. Nikaona ni maringo mengine ya uzee.

Nilikuwa tayari mke wa mtu alipofariki. Tukiwa tunamwosha, mimi na mama mdogo, nilimwambia kinyongo changu. Mama mdogo akaniangalia sana.

"Miye nilikuwa uchi mbele yao," akasema. "Kuko mutu alikimbia? Mutu hakuvala, atavula nini?"

Kisha akainua mkono wa Koko ili aupanguse, na pale juu ya kiwiko nikaona alama ya meno madogo, safu mbili, imezama. Hakuna aliyewahi kujua kwamba mjukuu alimng'ata bibi yake. Miaka yote ile alikuwa ameifunika kwa ajili yangu.

Tulimvika blauzi yake nyeupe ya mikono mirefu. Niliomba nifunge vifungo mwenyewe, nikavifunga polepole, mpaka cha mwisho.