Kikohozi cha Posa

Kwa ushenga, hapa Songea mpaka Madaba hamna wa kunifikia. Jumapili nikaenda Msamala kumposea mpwa wangu anayesoma chuoni. Njiani akaniambia, "Mjomba, usiwafiche. Masomo ya utawala naacha, nahamia ufundi wa mashine za kusaga. Kama ni kunikataa, wanikatae leo."

Kwa desturi mposaji hafungui mdomo, mshenga ndiye anayesema. Shangazi wa binti akauliza kijana anasomea nini.

"Utawala," nikasema. "Huyo ni ofisa mtarajiwa."

Mpwa wangu akakohoa. Nikasema ni vumbi.

"Ofisa tunaye humu ndani," shangazi akasema, akimwonyesha baba wa binti kwa kidevu. "Kazini wamempunguza, anashinda anasoma magazeti ya zamani. Wa pili tumweke wapi?"

Kijana akakohoa kwa nguvu zaidi.

"Utawala lakini ameacha," nikasema. "Sasa ni ufundi wa mashine za kusaga."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukohoa."

Baba wa binti, aliyekuwa akitazama dari muda wote, akasema, "Mpeni."

Mzazi ambaye mwanawe anataka kuacha utawala ashike spana, aniletee. Kesi hizo nazitetea vizuri.